Ukienda kununua mashua, nenda na kisu

Kisu kilizama mpaka mpinini. Fundi hakukisukuma kwa nguvu. Alikiegemeza tu kwenye ubao wa pili kutoka mkuku, ule mti wa chini kabisa unaobeba mashua, nacho kikaingia kama kimekutana na papai bivu. Akakichomoa, akakifuta kwenye kaptura, akanigeukia. "Mwanangu, wewe hukununua mashua," akasema. "Umenunua rangi."

Tulikuwa Sahare, hapa Tanga, asubuhi ya bamvua, siku bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, maji yamekupwa mpaka mbali, mashua yangu ya futi 24 imelazwa ubavu juu ya magogo ya mnazi. Nilikuwa nimeinunua miezi minane nyuma kwa pesa za kiinua mgongo. Aliyeniuzia simtaji, na wala sina hakika kama alijua anachoniuzia. Alifanya kama wauzaji wengi wanavyofanya: aliipiga rangi ya mafuta, buluu juu na nyekundu chini, ikang'aa kama bibi harusi. Mimi nikaizunguka, nikaipigapiga ubavuni kama mtu anayechagua tikiti maji, nikatoa pesa.

Wiki iliyopita mpwa wangu kanipigia simu kutoka Kigombe. Kapata mashua, bei nzuri. "Mjomba, ni kama mpya, hata rangi haijakauka vizuri." Hiyo rangi isiyokauka ndiyo iliyonikalisha kuandika haya.

Kosa langu la pili lilikuwa kuiacha ilale. Injini iliharibika mwezi wa kumi na mbili, spea ikachelewa kufika kutoka Dar, na mashua ikakaa kwenye nanga yake ikielea kaskazi nzima. Sikuona haja ya kuipandisha. Niliamini chombo kilichotulia majini kiko salama, maana hakipigwi jua mbao zikapasuka. Kila baada ya siku mbili nilikwenda kufua maji. Mwanzoni ndoo mbili. Kufika mwezi wa tatu ndoo kumi na tano, na tezi, yaani nyuma ya mashua, imekaa chini kuliko omo, mbele yake. Bado nikajiambia kalafati, ile pamba inayoziba kati ya mbao, imelegea, nikanunua pamba, nikamwita fundi. Yule mzee alipofika hakugusa pamba. Alitoa kisu.

Kiumbe aliyeimaliza mashua yangu, wavuvi wengi hapa humwita "mdudu" au "mnyoo" tu, na chombo husemwa kimeliwa. Ukimwona utasema kweli ni mnyoo: laini, mweupe wa maziwa, mrefu, hana mguu. Lakini ni ndugu wa chaza. Wataalamu humwita teredo. Gamba ambalo chaza hujifunika nalo mwili mzima, kwake limebaki vipande viwili vidogo kichwani, vina meno kama tupa, na hivyo ndivyo anavyokwangulia mbao. Ule unga anaula. Mti si chakula chepesi, na peke yake asingeumeng'enya. Ana bakteria wanaoishi kwenye mashavu yake ya kupumulia, wao ndio wanaomtengenezea dawa ya kuuvunjavunja.

Kinachoudhi ni mlango wake. Anapokuja ni kidudu kinachoelea majini, jicho halikioni kirahisi. Kinatua kwenye mbao, kinatoboa tundu kama la ncha ya pini, kinaingia, kisha kinakulia humo humo. Tundu la mlangoni linabaki dogo vile vile, handaki la ndani linanenepa hadi unene wa kidole likifuata uzi wa mbao. Hatoki tena mpaka afe. Wakiwa wengi kwenye ubao mmoja, kila mmoja hupinda kumkwepa mwenziwe, kwa hiyo wanaweza kuumaliza ubao wote ndani na ngozi ya nje ikabaki nzima. Ndiyo maana macho yangu hayakunisaidia.

Siku ile nilikata kipande cha ubao nikaenda nacho nyumbani, nikakitia kwenye beseni la maji ya bahari. Mama watoto hakufurahi, lile beseni lilikuwa la mchele. Tukasubiri. Baada ya kama nusu saa, kwenye vile vitundu zikaanza kuchomoza nyuzi, mbili mbili, nyeupe, nyembamba. Mmoja unavuta maji, wa pili unayatoa. Mwanangu wa mwisho akagusa maji kwa ncha ya kidole, na zote zikarudi ndani kwa pamoja kama zimeitwa. Mlangoni pakabaki vijizibo vyeupe. Ni viwili, vya chokaa, na kwa hivyo teredo hujifungia ndani. Akishajifungia anaweza kukaa wiki kadhaa bila maji mapya. Kumbuka jambo hili, maana ndilo linalowaponza wanaodhani siku mbili za jua zinatosha.

Kesho yake nikakipasua kile kipande kwa panga. Ndani hakikuwa mbao tena. Kilikuwa mabomba, yamelala sambamba, yamepakwa chokaa laini kama ndani ya ganda la yai. Mnyoo mmoja nilimnyoosha mezani: shubiri na nusu.

Nilijifariji kwa kusoma. Christopher Columbus, katika safari yake ya nne, alilazimika kuzipandisha pwani ya Jamaika meli zake mbili za mwisho mwaka 1503 kwa sababu zilikuwa zimeliwa, akakwama huko mwaka mzima. Waholanzi miaka ya 1730 waligundua kwamba nguzo za mbao zinazolinda kuta zao za kuzuia bahari zimetafunwa, wakaingia gharama ya kuagiza mawe. Nami nalilia futi 24.

Sasa tuje kwenye kisu. Mashua usiikague ikielea, hata mwenyewe akisema ana haraka. Subiri maji yapwe, ilale mchangani, uone tumbo. Chukua kisu chembamba au bisibisi, uanze na mkuku, upande wa chini kabisa, kwa sababu hapo rangi hukwaruzwa kila chombo kinapoburuzwa na mdudu hupata mlango. Kisha mbao mbili tatu za chini, kisha tezini kwenye fashini, ule mti uliosimama nyuma. Kisu kikigoma, songa mbele. Kikiingia zaidi ya unene wa kucha, simama hapo uulize maswali. Halafu kwangua rangi mahali panapotosha kiganja, upanguse kwa kitambaa kibichi, uinamishe uso karibu. Vitundu vya pini vyenye ukingo mweupe ndivyo unavyovitafuta. Gonga kwa nyundo ndogo ukisikiliza: ubao mzima hujibu kwa sauti kavu, ulioliwa hujibu kivivu, kama boga. Ingia na ndani, ukague mataruma, yaani mbavu za mashua, pale yanapokutana na mbao za chini, maana wengi hukagua nje tu.

Usiulize mashua ina miaka mingapi. Uliza imelala majini muda gani bila kufanya kazi. Na usimwulize mwenyewe, mwulize anayeuza kahawa pale pwani, yeye anajua nani hajatoka tangu lini. Chombo kinachokwenda baharini kila siku na kupandishwa mara kwa mara hupata nafuu. Kinachokaa kimetulia miezi ndicho wanachokihamia. Angalia pia majirani zake. Kama pembeni pana mashua iliyotupwa inaozea majini, au magogo ya mikoko yaliyoanguka, hapo ndipo wanapozaliana. Kwenye mikoko kwa kweli wana kazi yao ya maana, wao ndio wanaoisaga miti iliyokufa na kuirudisha baharini. Basi usifunge chombo chako mlangoni mwao.

Mwenye mashua nzima hakatai kisu. Akikukatalia, muage kwa adabu uondoke. Akikubali na ukakuta mbao mbili zimeliwa, si msiba, mbao hubadilishwa, punguza bei. Mkuku ukiwa umeliwa, mimi nasema acha, hata ukipewa bure. Fundi mwingine anaweza kukwambia tofauti, lakini huyo atakuwa analipwa kwa siku.

Kuitunza ndiko kwenye kazi. Wazee walikuwa na utaratibu ambao niliudharau kwa kuuona wa kizamani. Chombo kinapandishwa, tumbo linakwanguliwa mwani na vigamba, linapitishiwa moto wa makuti makavu, kisha linapigwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta ya samaki au shahamu mpaka ikawa uji mzito. Sifa, yaani mafuta ya papa, ni ya juu, deheni ni ya chini, ndivyo fundi alivyonifundisha. Harufu yake, Mungu anisamehe, nguo zangu za siku ile tulizichoma. Lakini ina mantiki. Mdudu aliyetua juzi bado yuko juu juu, moto unamfikia, na deheni inamziba. Akishaingia ndani, hakuna moto utakaomfuata ila ule utakaoichoma mashua. Kwa hiyo cha kuangalia ni kutochelewa. Mashua niliyonayo sasa naipandisha kila bamvua la pili, ambayo ni kama mara moja kwa mwezi. Mwenge ashike mtu anayeujua, na ndoo za maji ziwe karibu.

Ukipata rangi ya chini ya vyombo, ile yenye shaba, nayo ni nzuri. Soma kopo. Rangi ya mafuta ya kupaka milango haimzuii mtu. Hata ya shaba ikikwaruzika mahali padogo, hapo pametosha. Ndiyo maana fundi alinipigilia ubao mwingine chini ya mkuku, katikati akaweka karatasi ya lami. Mnyoo haupendi kuvuka kutoka kipande kimoja cha mbao kwenda kingine, kwa hiyo atakula ule wa chini, nami nitaung'oa na kuweka mwingine. Ni kafara tu.

Kuna na mto. Teredo ni wa maji ya chumvi, na maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, humuua. Bahari ya Baltiki ina chumvi kidogo sana na yeye hastawi humo, ndiyo maana meli ya Vasa ya Uswidi iliyozama mwaka 1628 ilitolewa mwaka 1961 ikiwa bado ina umbo lake. Sisi tuna Zigi na Mkulumuzi, yote inaingia kwenye ghuba yetu. Lakini usiipeleke mashua mdomoni mwa mto ukasema umemaliza. Maji yakijaa, bahari inaingia mle, na wapo jamaa zake wanaovumilia maji ya mikokoni. Panda juu, uonje maji wakati yamejaa. Yakiwa na chumvi hujafika. Na kwa vile anajifungia, siku tatu hazitoshi, panga wiki tatu nne. Kiangazi mto ukipungua usijisumbue. Ukikosa mto, ipandishe nchi kavu, kivulini, kwa muda huo huo, na ukubali kwamba kalafati utaipiga upya.

Mengine nitayataja kwa ufupi kwa sababu nimeshaulizwa. Oili chafu ya gereji: inachafua maji tunayovua, na baada ya muda haipo. Kuvalisha faiba juu ya mbao kuukuu: inashika mbao zilizokauka kabisa, zangu zilikuwa zimelowa, ikabanduka kama gamba la muhogo. Bati la shaba: Waingereza walilijaribu kwenye manowari yao moja mwaka 1761 na mdudu akashindwa, ila misumari ya chuma iliyogusana na shaba ikaliwa na kutu. Mashua zetu zimejaa misumari ya chuma. Hesabu mwenyewe.

Na kama huna mashua ila una gati dogo au nguzo baharini, usidhani haya hayakuhusu. Binamu yangu wa Mwambani alisimamisha ngazi ya kushukia kwa nguzo za mkoko. Juu nzima, chini kwenye tope nzima, katikati, pale maji yanapopanda na kushuka, zimekuwa na kiuno cha nyigu. Huyo ni mdudu mwingine, limnoria, mdogo kuliko punje ya mchele, jamaa wa kamba na kaa. Yeye anakula kutoka nje kuingia ndani, kwa hiyo angalau unamwona. Tuliokoa nguzo mbili kwa kuzivika bomba nene la plastiki kuanzia ndani ya tope mpaka juu ya maji ya bamvua, tukajaza zege. Nyingine zilibadilishwa, na kibali cha kukata mikoko si cha siku moja.

Mashua yangu ile ya futi 24 haikupona. Mbao za juu, zile ambazo hazikuwahi kukaa majini, zilikuwa nzima kabisa. Leo ni benchi mbele ya nyumba, bado lina buluu. Kipande cha beseni nimekiweka dirishani, na wageni hudhani ni sega la nyuki.

Mpwa wangu anasema muuzaji atakuwepo Kigombe Jumamosi asubuhi, na anataka wamalizane kabla ya saa nne. Nimeangalia, maji yatakuwa yamejaa saa hizo. Nimemwambia amwombe hadi mchana, yapwe kwanza. Kisu nitakuja nacho mimi.