Kusaka Hazina: Lini Inakuwa Biashara?

SWALI: Nina mashine ya kugundua metali. Kila wikendi hupita mashambani hapa Busia, kwa ruhusa ya wenyewe, nikitafuta sarafu za kikoloni na vyuma chakavu, kisha nauza. Mwaka uliopita niliuza shilingi milioni 18. Je, URA (Mamlaka ya Mapato ya Uganda) wanaihesabu biashara? – Msomaji, Busia

JIBU: Ndiyo, ndugu yetu. Sheria ya Kodi ya Mapato haiishii kwa mwenye duka. Hata shughuli moja iliyofanywa kwa nia ya kuuza kwa faida imo. Mkulima ambaye jembe lake limegonga shilingi ya 1924 akaiuza, hana biashara. Wewe umenunua mashine, unarudi kila wikendi, na unachokipata unakitafutia mnunuzi. Hayo ndiyo yanayotazamwa.

Mwaka wa kodi ni 1 Julai hadi 30 Juni. Mauzo yasiyozidi milioni 10 hayatozwi. Kati ya milioni 10 na 30, mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 0.4 ya kinachozidi milioni 10. Kwako ni 32,000. Asiye na kumbukumbu hulipa 80,000. Kwa hiyo nunua daftari leo. Usiandike "sarafu 6" tu, andika tarehe, shamba, "shilingi 1 ya 1924, gramu 7.8", mnunuzi na bei. Litunze na risiti zake miaka 5.

Wengi wanaumia hapa: kodi hiyo inapigwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Betri, petroli na fungu la mwenye shamba havipunguzwi. Kama gharama zinakula karibu zote, una haki ya kumwandikia Kamishna wa URA kwamba umechagua kutozwa kwa faida. Ukitumia milioni 16 kupata hizo 18, faida ni milioni 2, chini ya 2,820,000 ambazo mkazi hatozwi kwa mwaka. Lakini ukiwa na mapato mengine, kama mshahara, usichague kabla ya kupiga hesabu upya. Ritani (taarifa ya kodi ya mwaka) inatumwa kwa TIN yako, yaani namba ya mlipakodi, kabla ya 31 Desemba kuisha.

Na dhahabu? Ibara ya 244 ya Katiba inaweka madini mikononi mwa Serikali, hata yaliyo chini ya shamba la mtu. Bila leseni, ruhusa ya mwenye shamba haikulindi, na risiti ya kodi haikulindi pia. Ukifukua vyungu, mifupa au zana za kale, acha kuchimba, usiuze, na uripoti Makumbusho ya Uganda, Kampala.