Mwalimu Akiaga: Maswali na Majibu

Shule yetu ni ya binafsi. Tunalazimika kisheria kumhoji mwalimu anayeacha kazi? (Mhasibu, Moshi)

Hapana. Mnalazimika kumlipa na kumpa hati ya utumishi, mambo mawili ambayo shule nyingi huyapiga danadana.

Walimu watano wameondoka Desemba, wote wameandika "sababu za kifamilia". Nikiwahoji wanatabasamu tu. Nifanyeje? (Mkuu wa shule, Mwanza)

Familia tano haziwezi kuingia matatani mwezi mmoja, Mkuu. Anayehoji ni nani? Wewe mwenyewe, ofisini kwako, karani anatoa fotokopi pembeni, na hati ya utumishi ya mhojiwa imelala kwenye droo yako bila sahihi. Hata mimi ningesingizia mama mgonjwa. Mpe kazi hiyo mjumbe wa bodi asiyehusika na ratiba wala mishahara, awapigie simu baada ya malipo ya mwisho kuingia. Awaulize: ulikuwa na vipindi vingapi kwa wiki? Mshahara ulikuwa unaingia tarehe ngapi? Uliwahi kulalamika, ukajibiwa nini? Majibu yasomwe kwenye kikao cha bodi bila majina. Kama bodi haina nia ya kubadili chochote, msiwasumbue watu. Na kwa nini mnasubiri mtu afunge mizigo ndipo mumuulize anaishije? Waliobaki wapo hapo hapo stafu rumu.

Nimejiuzulu. Nimeitwa kwenye mahojiano na kupewa fomu inayosema nimeshalipwa stahiki zangu zote. Nisaini? (Mwalimu wa Hisabati, Mbeya)

Pesa imeingia? Kama bado, usisaini. Mahojiano ni mazungumzo, hiyo fomu ni risiti. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 unadai mshahara wa siku ulizofanya kazi na malipo ya likizo ambayo hukuchukua. Kiinua mgongo cha siku 7 kwa kila mwaka ni cha aliyeachishwa na mwajiri, kwa hiyo usipoteze nguvu huko. Wakikuzungusha, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 60. Siku ya mahojiano dai vyeti vyako halisi kama wanavishikilia, na hakiki michango yako NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii. Wapo waliokatwa kila mwezi na kukuta akaunti ina mapengo.

Nimepata shule nyingine, naanza Jumatatu. Lazima nitoe notisi? (Mwalimu, Dodoma)

Swali hili tena! Unalipwa kwa mwezi? Siku 28, au zaidi kama mkataba unasema. Usome mkataba huo. Wakuu wa shule wana makundi yao ya WhatsApp, na jina lako litatangulia kufika.

Mimi ni matroni wa bweni, naondoka. Walimu wanahojiwa, sisi hatuulizwi. Kuna jambo la watoto nilitaka kulisema. (Tanga)

Matroni, mpishi na dereva ndio wanaojua shule inavyolala na inavyoamka, na kutowahoji ni uzembe. Lakini kama jambo lenyewe ni mtoto kuumizwa au kuchezewa, dada yangu, usingoje kuitwa na mtu. Piga 116, simu ya kuripoti ukatili kwa watoto, leo, bure, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Ya chakula na magodoro mwandikie mwenyekiti wa bodi, ubaki na nakala.