Usiache kufundisha, mwanangu

"Shikamoo Shangazi. Mimi ni mpiga udi, nina miaka 31, naishi Unguja. Mchana nafundisha watoto, siku nne za wiki usiku napiga hotelini, mwisho wa wiki harusini. Mwaka wa pili huu sijatunga kitu. Nikifika nyumbani saa saba usiku, udi nauegemeza ukutani bila hata kuutoa mfukoni. Je, niache kufundisha?"

Marahaba, mwanangu. Hapo kwenye udi usiotoka mfukoni nimepasoma mara tatu, na roho imeniuma.

Kufundisha usiache. Mwenyewe umeniandikia pia kuwa juzi binti wa miaka 12 unayemfundisha aliteleza kwenye maqamu ya rasti, ile ngazi ya sauti ya muziki wa Kiarabu, akaangukia sauti usiyoitegemea, nawe ukamwomba arudie. Kwa nini ulimwomba? Sikio lako la mtunzi bado li macho, na darasani ndimo linamoamka.

Kinachokumaliza ni hoteli. Nyimbo zile zile, usiku baada ya usiku, mbele ya wageni wanaokula. Pesa yake ina kazi, najua, kodi ya nyumba haingoji. Kwa hiyo acha usiku mmoja tu, ule unaolipa kidogo kuliko yote, na pengo lake lizibe kwa harusi za Shaabani na za mfunguo mosi: kila harusi, tenga fungu kabla pesa haijafika dukani. Asubuhi inayofuata usiku huo, kabla hujashika simu, kaa na udi wako. Muda wa saa moja na nusu watosha.

Halafu, nani kakwambia utunge peke yako? Taarabu ya kwetu haikulelewa hivyo. Klabu ya Ikhwani Safaa ipo tangu 1905, ile ya Culture tangu 1958, na desturi ya vilabu hivi vya taarabu ni mshairi kuleta beti, mwingine kuzitia muziki, kisha wimbo ukanyooshwa mazoezini, fidla ikisema lake na waitikiaji lao. Tafuta mshairi unayemheshimu, umwombe beti tatu, umwahidi siku ya kumsikilizisha. Ukijua mtu mzima anakungoja barazani na kahawa yake, utauchukua udi hata ukiwa umechoka.

Na ile sauti ya yule binti, irekodi leo kabla haijakutoka.