Paa la Kijivu la Chang'ombe

Juzi msomaji mmoja ameniandikia: "Shikamoo dada. Nimepata nyumba Upanga, ya zamani lakini imara. Dalali anasema paa lake ni la enzi za mkoloni, halijawahi kuvuja. Nichukue?" Nikacheka, halafu nikakosa raha siku nzima. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, Chang'ombe, mwaka 2017.

Mnachokitaka nakijua, maana ndicho nilichokitaka mimi: nyumba mjini, hati safi, ua wa kuanikia nguo, na usiwe unaamka saa kumi alfajiri kuwahi kazini kutoka Chanika. Mjini viwanja vimekwisha, zimebaki nyumba za wazee. Ya kwangu ilijengwa miaka ya 1960, kuta nene, milango ya mninga. Mimi ndiye mwanamke wa kwanza katika ukoo wetu kununua nyumba Dar, na hilo nalisema bila haya. Habari za benki na hati naziruka, zilinichosha vya kutosha.

Kilichonikera ni paa. Kijivu, mawimbi mapana, limeota kuvu nyeusi. Nilitaka bati la msauzi la bluu, na nililitaka kabla ya Idi, kwa sababu mawifi zangu walikuwa wanakuja na walishasema nyumba ile itanishinda. Fundi akaangalia juu, akasema, "Mama, haya ni ya kupiga nyundo tu. Kesho jioni uko wazi."

Akasema kweli. Vijana wanne walipanda kwenye kenchi wakaanza kubomoa. Vipande vinarushwa uani, vumbi jeupe limetanda hadi kwa jirani, watoto wa dada yangu wanarukaruka juu ya kifusi. Silingi bodi nazo zikashushwa kwa mtaimbo. Jioni nikashika ufagio mwenyewe, nikafagia sebule kavukavu huku naimba. Ule wimbo hadi leo siwezi kuusikiliza.

Asubuhi yake mzee wa nyumba ya tatu, mstaafu wa karakana ya reli, akanikuta getini. Alitazama kifusi muda mrefu. "Mwanangu, hii ni asbesto." Akanieleza kwamba enzi za treni za mvuke walikuwa wakifunika maboila kwa asbesto ili joto lisipotee, wakiichanganya na maji kwa mikono mitupu kama wanasonga ugali. "Wenzangu wa zamu ile siwaoni tena," akasema, akaenda zake polepole, akipumzika kwenye kila nguzo ya umeme.

Usiku ule sikulala, nilisoma. Asbesto ni madini yenye nyuzi nyembamba zisizoungua. Zimbabwe waliichimba miaka mingi kule Zvishavane. Ilichanganywa na saruji kutengeneza mapaa, mabomba na silingi bodi, na ikiwa nzima saruji inazishika nyuzi zake. Ukiivunja, ukiitoboa au ukiikata kwa grainda, nyuzi zinaruka hewani. Huzioni. Ukizivuta, nyingine hukwama kwenye mapafu maisha yako yote. Huleta makovu ya mapafu, saratani ya mapafu, na mesothelioma, ambayo ni saratani ya utando unaoyazunguka mapafu. Ugonjwa huweza kuchukua miaka 20 hadi 40 kujitokeza, ndiyo maana fundi atakuapia kwamba amebomoa mapaa mia na hajawahi kukohoa. Uingereza iliipiga marufuku kabisa mwaka 1999, Afrika Kusini mwaka 2008. Mimi nilikuwa naifagia 2017.

Daktari alinituliza: siku moja ya vumbi si sawa na miaka ya karakana, ingawa hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Picha ya kifua ilitoka safi. Faraja nusu, kwa sababu miaka 20 haijatimia. Wanaoniumiza ni wale vijana wanne. Sikuwahi kuyajua majina yao, na fundi alibadilisha laini.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Upanga, nyumba chukua ukiipenda, lakini bei ipunguzwe, na gharama ya paa uitoe kwenye bei hiyo kabla hujasaini chochote. Jicho halitoshi, kwa sababu kuna mabati ya saruji yasiyo na asbesto yanayofanana nayo kabisa. Kipande kidogo kikapimwe maabara. Ukikuta ni asbesto na paa ni zima, usiliguse. Hakuna kutoboa kwa ajili ya dishi wala kutundika feni kwenye ile dari. Usilikwangue kuvu ili upake rangi.

Likiwa limechakaa, ulizia NEMC, baraza la taifa la mazingira, utaratibu wa taka hatarishi, utafute watu wanaoijua kazi hiyo. Ukiwa hapo simamia maji. Paa linaloweshwa kwanza ili nyuzi zisiruke, skrubu zinafunguliwa moja moja, bati linashushwa zima, linafungwa kwenye nailoni nzito. Barakoa ya kitambaa haisaidii kitu. Watoto wapeleke kwa bibi yao. Na maji, narudia, maji. Msiwe kama mimi, mnakimbizana na mawifi. Mawifi wenyewe walikaa siku mbili, wakasema bluu imezidi.

Kifusi changu kilibebwa na kirikuu hadi mahali ambapo sikuuliza, isipokuwa mabati sita mazima ambayo jirani wa nyuma aliniomba akaezekee banda la kuku. Nilimpa kwa moyo mkunjufu. Nimeshamfuata mara tatu nikitaka kuyarudisha, hata kwa kuyanunua, naye anadhani nimeona thamani yake. Banda liko chini ya mwembe, na msimu huu umezaa sana. Usiku embe likianguka juu ya bati, nalisikia kutoka kitandani.