Kilabu cha mbege: ukienda, nenda hivi

Mkuu, umeuliza kwa nini uhangaike kutafuta kilabu migombani wakati Marangu, huko Kilimanjaro, watalii wanaonjeshwa mbege, pombe yetu Wachagga, kwenye ziara zao. Nimekulia Kibosho, mlima huohuo, ngoja nikujibu.

Ile ya ziara ni kinywaji tu. Kilabuni unakunywa mkono wa mtu. Mbege yoyote ni ndizi mbivu zilizochemshwa zikaachwa siku kadhaa, uji wa kimea cha ulezi, na gome la msesewe la kutia uchungu. Lakini mama mmoja anazidisha msesewe, mwingine ulezi wake mzito hadi unatafuna, na wanywaji wanajua leo kapika nani hata kabla hawajauliza. Sisi tunawatania Wamachame, Wachagga wenzetu, kwamba yao ni uji wa watoto. Nao wana lao juu yetu, silirudii hapa.

Ukifika, waamkie wazee kwanza ndipo ukae. Anayekuletea kata, kibuyu cha kunywea, atapiga funda kabla ya kukupa. Usikunje uso, anakuonyesha haina sumu. Puliza pembeni ulezi unaoelea, kunywa, mpitishie jirani. Siku hizi vimeingia vikombe vya plastiki, kila mtu na chake, na kwa maoni yangu hapo ndipo soga zilipopungua. Kata ikizunguka huwezi kumnunia mtu mliyebanana naye benchi moja. (Najua, mafua nayo yanazunguka.)

Kwenye chakula, usiulize menyu. Akichinjwa mbuzi kuna kisusio, supu yenye damu, inywe ingali ya moto. Asipochinjwa, ni ndizi za kuchoma na pilipili, basi. Ndizi mkononi, ndizi kwenye kata, zote za kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo, kwenye migomba ileile inayotia kahawa kivuli. Ndiyo maana stori zote huishia huko: bei ya kahawa, nani kasogeza mpaka. Niliwahi kuona majirani waliogombea mpaka wakipatanishwa pale kilabuni. Mkosaji alikuja na ndoo ya mbege na jani la isale la kuombea radhi, mmea uleule tunaozungushia vihamba. Mwenzake alilitazama weee, hataki. Alipolipokea hatimaye, mzee mmoja alilalamika tu kwamba ndoo yenyewe ndogo.

Desemba usiende, watu wa Dar wamerudi kwa Krismasi na benchi hupati. Na mvua za masika zikianza, acha raba nyeupe mjini.