Kumbikumbi au sisimizi seremala?

Ndugu, umeuliza kama wadudu weusi wenye mabawa wanaotoka kwenye fremu ya dirisha la bafu, katika nyumba yako ya mbao huko Minnesota, ni kumbikumbi. Kwa maelezo yako, naamini ni sisimizi seremala. Mtazame mmoja kwa karibu: kiuno ni chembamba sana, vipapasio vimepinda kama kiwiko, na mabawa ya mbele ni marefu kuliko ya nyuma; kumbikumbi hana kiuno hicho, vipapasio vyake vimenyooka na mabawa yake manne yanalingana.

Tofauti na mchwa, sisimizi huyu hazifanyi mbao kuwa chakula, bali huzichimba apate makao, akiacha njia laini kana kwamba zimepigwa msasa na kusukuma nje unga wa mbao uliochanganyika na vipande vya wadudu. Hupendelea mbao zilizolowa, kwa hiyo tafadhali tafuta kwanza bomba au paa linalovuja. Dawa ya kupuliza huua wale wanaoonekana tu, ilhali malkia mara nyingi yumo kwenye kisiki kilichooza nje. Wafuatilie usiku kwa tochi, wanapotembea zaidi, mpaka uone wanakoingia.