Ukipanda ndege kwenda Mbeya, omba kiti cha kushoto

Rafiki akiniulizia nauli ya ndege ya Dar kwenda Mbeya, nami humuuliza: unataka kufika tu, au unataka na kuona? Kama ni kufika, kata tiketi yoyote iliyo nafuu. Kama ni kuona, nenda Mei au Juni, ndege ya asubuhi, dirishani upande wa kushoto, mbali na bawa.

Miezi hiyo mvua imetoka kuisha, vumbi halijapanda na watu hawajaanza kuchoma mashamba. Ukingoja Septemba, moshi umetanda na Rungwe, mlima wa zaidi ya mita 2,900, unabaki kivuli.

Ndege ikishaiacha tambarare ya Usangu na mashamba yake ya mpunga, ardhi inainuka ghafla. Kushoto ni milima ya Uporoto, na nyuma yake Rungwe; mara nyingi mawingu yamefunika mabega, kilele kimetokeza peke yake. Kulia ni Loleza na kilele cha Mbeya, na chini yake mabati ya jiji yanang'aa. Aliyekaa kulia hajapunjwa, ila mimi na Rungwe hatuachani.

Sasa habari ya kurushwarushwa. Kufika saa tisa alasiri jua limeshachemsha miteremko, hewa ya moto inapanda, mawingu yanajijenga juu ya safu, na ndege ya pangaboi inapita humo kama daladala kwenye makorongo. Asubuhi hewa huwa imetulia. Ndege ikizama ghafla, usitazame sura za abiria wenzako, watakutia hofu bure. Tazama ncha ya bawa: inapanda, inashuka, na imeundwa hivyo, ipinde isivunjike. Wahudumu wakiendelea kukusanya vikombe, ujue hakuna neno.

Wakati wa kifuku asubuhi nayo ina kasoro yake. Ukungu au mawingu mazito yakilala juu ya Songwe, kiwanja cha ndege cha Mbeya, rubani atazunguka angani akisubiri, au atageuza arudi. Kwa hiyo kati ya Desemba na Aprili usipange kikao cha saa nne siku hiyohiyo ya kusafiri. Tangulia jana yake.

Sweta liwe mkononi, si kwenye begi ulilokabidhi. Juni baridi inakupokea kwenye ngazi za ndege, na mabegi huchelewa.